Kitambaa Chekundu cha Mkarafuu

Tulipomaliza arobaini ya Mama Time ndipo tulipopata moyo wa kufungua sanduku lake. Harufu ya karafuu ilitoka kabla ya kitu kingine chochote. Alikuwa na mazoea ya kutia punje chache ndani ya kila leso aliyoikunja, na sanduku lilikuwa limefungwa tangu alipoanza kuugua, basi harufu ilitupanda puani mpaka machozi yakatutoka. Binti yangu Saumu alizitoa leso moja moja akizipanga mkekani. Chini kabisa, katikati ya leso ya harusi, akakuta kipande cha kitambaa chekundu, upana wa vidole vitatu, kimefifia na kuchanika kingo.

"Mama, hili tambara alikuwa akiliwekea nini?"

Nililichukua mkononi mwake nikalibana kifuani. Wanawake waliokuwa chumbani walidhani nimeshikwa na uchungu wa marehemu, wakaanza kuniambia nisubiri, ni amri ya Mungu. Uchungu ulikuwapo, sikatai. Lakini nilikuwa nacheka pia, nami nikaona haya kucheka mbele ya watu waliokuja kuniliwaza, basi nikajifunika uso kwa mtandio.

Nyinyi wa rika langu mtakijua kitambaa hicho bila kuelezwa. Enzi zetu, dukani hamkukosekana majora mawili, amerikani nyeupe na bendera nyekundu. Amerikani tulivaa tukiwa hai na tukazikiwa tukifa. Bendera ilikuwa ya mambo mengine, na nikiwa mtoto mwenye mapengo mawili ya mbele nilidhani nayajua yote.

Kwetu ni Msambweni, upande wa bara kidogo, pale minazi ilipokuwa ikiishia na msitu kuanza. Baba yangu, Hamisi, hakuwa mvuvi wala mwenye duka. Kazi yake ilikuwa miti. Mtu akijenga nyumba, Baba alimtafutia boriti. Mchonga mitumbwi alikuja kutoka Mkwiro achaguliwe mwembe ulionyooka. Mwanamke mwenye mtoto wa homa alikuja apewe gome la kuchemsha. Baba hakujua kusoma ila Kurani, lakini sikuwahi kuona mti uliomshinda jina.

Alikuwa na kisu kidogo chenye mpini wa pembe. Akiufikia mti aliugusa kwa kiganja kwanza, kisha akachanja gome mahali padogo pasipoudhuru, akatazama rangi ya ndani, akangoja utomvu utoke, akanusa, na mwisho akagusa kwa ncha ya ulimi. Ndipo alipotaja jina. Majani hakuyaamini hata kidogo. "Majani yako juu huko," alikuwa akisema, "na ya chini yameliwa na mbuzi. Gome halina pa kwenda."

Nilimwiga. Nilijua mvule hutoa maziwa, na gome la mwembe hunukia embe bichi, na mkilifi, ambao wengine huuita mwarobaini, ni mchungu mpaka masikioni. Mkorosho niliujua kwa gharama kubwa zaidi. Niliulamba utomvu wake siku Baba aliponipa mgongo, midomo ikavimba siku tatu, na Bibi akataka kumchapa Baba kwa ufagio, mtu mzima mwenye ndevu.

Bibi huyo ni Bibi Mwanajuma, mama yake Baba. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa bado nanyonya, na Bibi akanilea kwa maziwa ya mbuzi na makaripio. Mwaka mmoja Baba alikwenda Pemba kuchuma karafuu, walivyokuwa wakienda wanaume wengi wa kwetu msimu ukifika, na aliporudi alirudi na mke, ndiye huyo Mama Time. Walishukia Shimoni wakaja kwa miguu na kwa lori, na huyo mke alipoingia uani alikuwa amepakata kifuu cha nazi chenye udongo, na katika udongo mche wa majani manne.

"Wanawake wengine huja na vyombo," Bibi aliwaambia majirani. "Huyu wetu kaja na jani."

Lilikuwa jani la mkarafuu. Mama Time aliupanda mche wake nyuma ya jikoni, penye kumwagwa maji ya kuoshea vyombo, akaujengea kibanda cha makuti jua lisiuunguze. Nchi yetu haiupendi sana mkarafuu. Kila kiangazi majani yalikauka ncha, na kila kiangazi Mama Time alichota maji zaidi kisimani na kuongeza kuti la kivuli. Aliusemesha kwa Kipemba, haraka haraka, kama mtu anayemtuma mtoto dukani. Mti ulifika kiunoni pangu, kisha begani. Ulikuwa mkarafuu pekee kijijini, na mimi nilijivuna nao kwa watoto wenzangu, nikiwauzia nafasi ya kufikicha jani moja na kunusa kwa malipo ya ubuyu.

Nilimpenda Mama Time. Nasema hivyo wazi kwa sababu wakati ule sikumwambia. Nilimpenda tangu siku ya kwanza aliponisuka nywele bila kunitoa machozi, na nilipenda jinsi alivyosema "mwanangu" kwa watu wasiomjua bila kuongeza "wa kambo". Lakini miaka ikapita hakujaaliwa kuzaa, na Bibi hakuacha kumwita mgeni wetu. "Mwambieni mgeni wetu chumvi imezidi." "Mgeni wetu yuko wapi, mbuzi wamelia." Jina lake hasa sikuwahi kulisikia kinywani mwa Bibi. Mama Time alikuwa akiitika "labeka" kwa adabu, kisha anakwenda nyuma ya jikoni kuutia maji mkarafuu, hata kama mvua imekwisha kuutia.

Siku moja nikiwa nimejificha ghalani kwa makosa yangu mengine, nilimsikia akizungumza na Baba nje ya ukuta.

"Kitovu changu kiko Pemba, Hamisi. Hapa sina mtoto, sina kaburi, sina kitu ila mti ule. Ukifa mti ule, nitarudi kwetu. Sitakuwa na cha kunishika tena."

Mimi nilibaki ghalani mpaka miguu ikafa ganzi. Neno lile la kitovu nililielewa sana. Kwetu mtoto akidondoka kitovu, kinazikwa na juu yake unapandwa mnazi, na mnazi huo unakuwa wake mpaka mwisho wa maisha. Wangu ulikuwa mbele ya mlango wa Bibi. Nikikosana na wenzangu nilikwenda kuuegemea, na nilijua hakuna mtu duniani awezaye kuniambia niondoke pale. Mama Time hakuwa na mahali pa kuegemea ila kwenye kile kijiti kilichonifika begani.

Basi ndipo alipokuja Bwana Miti. Jina lake la Kizungu sikulijua, sote tulimwita hivyo. Alikuja kutoka Kwale kwa gari la Landrova, magoti yake mekundu, na kitabu kikubwa chini ya kwapa. Alikuwa anataka kuanzisha kitalu cha miche, na akataka kujua miti gani ya pwani hii ni ya asili na ipi imeletwa kutoka nchi nyingine, apate kujua mbegu za kukusanya. Chifu alimwelekeza kwa Baba.

Makubaliano yalikuwa rahisi. Baba azunguke kijiji na ukingo wa msitu, kila aina ya mti aifungie kitambaa kwenye shina, amerikani nyeupe kwa mti mwenyeji na bendera nyekundu kwa mti mgeni. Bwana Miti angerudi baada ya Ijumaa mbili kukagua. Kama hakuna kosa, Baba angekuwa msimamizi wa kitalu, kazi ya kudumu yenye shati la kaki. Shati lenyewe alilionyesha. Alilikunjua, Baba akalitazama, kisha Bwana Miti akalikunja na kulirudisha kwenye kiti cha gari. Sijapata kumwona Baba akitazama kitu kingine vile. Kabla vumbi la gari halijatua, Bibi alikuwa amekwisha kulieleza shati lile nyumba nne.

Baba alianza kazi asubuhi yake, nami nikamfuata nyuma. Hakuna aliyenieleza rangi zile zilikuwa za nini. Hakuna aliyeona haja, na mimi sikuuliza kwa sababu nilikuwa najua. Mwaka uliotangulia barabara yetu ilipanuliwa, na kabla ya kupanuliwa walipita watu na kopo la rangi wakipaka duara jekundu kwenye miti ya pembeni. Siku tatu baadaye miti yote yenye duara ilikuwa chini. Mkwaju tuliokuwa tukiupanda baada ya chuo ulikuwa mmojawapo. Kwangu mimi, mti uliotiwa alama nyekundu ni mti ulioandikiwa shoka.

"Huu ni mgeni," Baba alisema, akafunga bendera kwenye mfenesi.

"Umejuaje?"

"Mti wa hapa utaukuta katikati ya msitu, na hakuna aliyeupanda. Mgeni haachani na nyumba za watu."

Akafunga bendera kwenye mkilifi, mpapai na mkorosho. Mkorosho sikuusikitikia, nilikuwa bado na kinyongo. Mkwaju ulipata amerikani. Kuhusu mkwaju walikuwa wamebishana na Bwana Miti mpaka chai ikapoa, Bwana Miti akisema uliletwa kutoka Bara Hindi, Baba akisema aliyeuleta msituni kule basi alikuwa nyani. Mwembe mkubwa wa Bibi ulipata bendera, na hapo nikamshika Baba pindo la kikoi. Kisha tukafika nyuma ya jikoni. Baba alipiga magoti, akauzungushia mkarafuu kitambaa chekundu, akakaza fundo, huku akiimba kidogo puani. Mama Time alikuwa kisimani.

Kutoka hapo akaenda moja kwa moja kwenye mnazi wangu.

"Baba, hata wangu?"

"Hata wako," alisema, akacheka, akaufunga.

Kicheko kile kiliniuma siku nyingi. Ningeweza kuuliza zaidi, najua, na ninyi mnajiuliza kwa nini sikuuliza. Lakini malezi yetu mnayakumbuka, mtu mzima hahojiwi mara mbili. Tena jioni yake nilimsikia Bibi akimwambia jirani mekoni, "Mzungu anataka miti ya asili tu. Ya kigeni haitaki." Basi, sikuhitaji maelezo mengine. Baba alikuwa ameuza mnazi wangu na mkarafuu wa Mama Time kwa shati la kaki, na hakuwa hata na huzuni.

Ijumaa ya pili wanaume walikwenda msikitini, Bibi akalala, na Mama Time akaenda kwa mgonjwa nyumba ya tatu. Nilitoka na jua la saa saba kichwani. Nilifungua bendera ya mkarafuu kwa meno, lilikuwa fundo gumu. Nikasimama nayo mkononi, na hapo nikagundua kwamba hesabu haitimii. Mkarafuu ulihitaji amerikani, na amerikani ilikuwa kwenye miti mingine, na mti nitakaouvua amerikani lazima niuvike kitu, la sivyo Baba angejua.

Nilianza na mgunga wa zizini. Ulikuwa umenichoma miguu mara nyingi na kunichania leso mpya ya Idi, na niliufunga bendera bila huruma yoyote. Kwa mnazi wangu nilichukua amerikani ya mvule. Nilijiambia mvule ni mnene, shoka litachoka njiani. Ilibaki mwembe wa Bibi, na amerikani iliyokuwa karibu ilikuwa ya mfudu. Mfudu ule tulikula matunda yake meusi kila msimu mpaka ndimi zikawa kama za mbuzi, na haukuwahi kumkosea mtu. Niliuzunguka mara tatu. Mwisho niliufunga nyekundu huku nikilia, nikauambia unisamehe, kwamba Bibi ni mzee na hawezi kupata mwembe mwingine. Nilirudi ndani nikalala pembeni mwa Bibi nikijisikia nimeua.

Bwana Miti alifika Jumamosi asubuhi. Baba alikuwa amevaa kikoi kilichofuliwa na kofia yake ya Ijumaa. Nusu ya kijiji ilijikuta ina shughuli karibu na ua wetu. Mwanzo mambo yalikwenda vizuri, Bwana Miti akiandika na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha wakafika zizini.

"Hamisi," Bwana Miti alisema, "mti hii imeletwa na nani?"

Baba alitazama bendera iliyokuwa juu ya mgunga. Aliishika, akaiachia. "Mgunga ni wa hapa, Bwana," alisema.

"Lakini nyekundu."

"Naona."

Wakafika kwenye mvule. Nyekundu. Bwana Miti aliugonga mvule kwa kalamu, akamtazama Baba, na safari hii hakuuliza. Mfudu, nyekundu. Mwembe, nyeupe. Walipofika kwenye mnazi wangu na amerikani yake safi, kuna kijana alicheka. Bwana Miti akafunga kitabu.

"Wewe alisema najua miti."

"Nilifunga kwa mikono yangu," Baba alisema. Alikuwa anaitazama mikono yenyewe. Baba ambaye hakuwahi kukosea jina la mti alisimama mbele ya watu waliomjua tangu utoto, na nilimwona akianza kujishuku. Bwana Miti alikwenda garini, akafungua mlango, akalisukuma shati upande wa pili wa kiti apate pa kukaa.

Sikumbuki nilivyotoka mlangoni. Nakumbuka tu kwamba nilikimbilia nyuma ya jikoni badala ya kwa Baba, nikaukumbatia mkarafuu na kibanda chake, nikapiga kelele.

"Ni mimi! Nimebadilisha mimi! Msiukate, Mama Time ataondoka!"

Watu wote walizunguka wakaja nyuma ya jikoni. Baba alichuchumaa mbele yangu.

"Nani kakwambia unakatwa?"

"Nyekundu hukatwa. Ya barabarani yote ilikatwa. Na mnazi wangu umeufunga, ukacheka."

Baba alikaa chini kabisa, kikoi kilichofuliwa kikiwa mavumbini. Akafunika uso kwa kofia. Mabega yalikuwa yanamtikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anacheka. Mama Time alisimama na ndoo yake kichwani, ameganda. Aliyesema alikuwa Bibi.

"Ataondoka kwenda wapi?"

Bibi alimgeukia Mama Time, akamtazama kutoka ndoo mpaka miguu.

"Nakuuliza. Uondoke uende wapi?"

"Mtoto kasema tu, Bi Mwanajuma," Mama Time alijibu.

Baba aliinuka akapangusa kikoi. "Bwana," alimwambia Bwana Miti, "huyu ni mwanangu, na huna sababu ya kumwamini. Nifunge macho." Akatoa pindoni mwa kikoi kipande cha bendera kilichombakia siku ya kufunga miti, akampa.

Bwana Miti alisita, kisha akamfunga. Dereva wake akatumwa kuchanja vipande vya magome. Baba alisimama katikati ya ua, kitambaa chekundu machoni na kiganja wazi. Wakamwekea kipande cha kwanza. Alinusa, akagusa kwa ulimi.

"Mkilifi. Mgeni."

Cha pili alikivunja tu kwa ukucha. "Mvule. Mwenyeji." Cha tatu, "Mwembe, huu wa Bibi, si ule wa jirani. Mgeni." Watu wakaanza kuguna kwa raha. Walimletea mfudu, mgunga, mfenesi, mbambakofi kutoka ukingo wa msitu. Alijibu bila haraka. Kwenye moja alitabasamu chini ya kitambaa. "Mkwaju. Mwenyeji, Bwana, hata ukikasirika." Bwana Miti alicheka kwa sauti, mara ya kwanza na ya mwisho nimsikie.

Kisha Bwana Miti akaniashiria mimi. Nilichuma jani moja la mkarafuu, nikalifikicha, nikaenda kwa kunyata. Sikuwa nimefika hatua tatu.

"Huo usiuchanje," Baba alisema. "Huo nausikia ukija. Mgeni. Wa mke wangu."

Alivua kitambaa machoni, akaenda kwenye mkarafuu, akauvua amerikani, akaufunga kitambaa kile kile na kukaza fundo. Akaniita nisimame karibu. "Ni mwekundu kwa sababu umetoka mbali," aliniambia. "Basi. Hakuna shoka. Sitaudanganya mti kwa sababu naupenda."

Mama Time aliitua ndoo. Alikigusa kitambaa, akakinyoosha mahali kilipojikunja. "Kiache kikae," alisema. "Chanipendeza hichi."

Mnadhani yalikwisha hapo, lakini hamkumjua Bibi. Alimfuata Baba hatua kwa hatua mpaka kwenye mnazi wangu, na alipoona amerikani inavuliwa na bendera inafungwa, aliweka mikono kiunoni.

"Na huu wa kitovu cha mtoto, unaufungia nyekundu kwa nini?"

"Mnazi uliletwa, mama."

"Na nani?"

"Wasafiri. Bahari. Zamani sana."

"Mwembe?"

"Uliletwa."

"Mpapai? Muhogo?"

"Vyote vililetwa, mama."

"Sasa babu zako walikuwa wakila nini?"

"Mabuyu. Makwaju. Mafudu."

"Wakishiba?"

"Sidhani."

Bibi aliutazama mnazi kutoka chini mpaka kwenye makuti, muda mrefu. Alikula nazi maisha yake yote, alilalia makuti yake, na mafuta yake ndiyo yaliyokuwa yakimeremeta kwenye ngozi yake wakati ule ule. Kisha akaingia ndani. Jioni mekoni nilimsikia akiita, "Time! Hebu njoo uonje mchuzi huu, ulimi wangu umezeeka." Mama Time alichelewa kuitika. Nadhani alikuwa hajaamini ni yeye.

Mimi sikuchapwa. Adhabu yangu ilikuwa kuvifunga vitambaa vyote upya, mti kwa mti, nikitaja jina na sababu, Baba akiwa nyuma yangu na kisu chake. Shati la kaki halikutolewa siku ile. Lilikuja mwezi uliofuata kupitia kwa chifu, na lilikuwa pana kiasi cha kuwatosha Baba wawili. Bibi alilipunguza kwa sindano, na Baba akalivaa kitaluni mpaka kola ikaisha.

Miaka ilipita, nikaolewa Diani, na kwa mimba yangu ya kwanza nikarudi nyumbani kujifungua, ilivyo desturi. Mtoto ndiye huyu Saumu. Kitovu kilipodondoka, Mama Time alikwenda na jembe mbele ya mlango, kando ya mnazi wangu, akiwa na mche wa mnazi tayari. Bibi wakati huo alikuwa haoni tena. Alitoka akipapasa ukuta kwa fimbo, akasikia jembe linapiga wapi.

"Si hapo," alisema. "Nyuma ya jikoni. Kwenye mkarafuu."

"Bi Mwanajuma, mkarafuu si mti wa kitovu."

"Nani kasema? Nipeleke nikachimbe mwenyewe kama umechoka."

Mama Time hakuwa amechoka. Alifika kwenye mkarafuu, akapiga jembe mara mbili, kisha akaliweka chini kwa sababu alikuwa haoni kwa machozi, akapiga magoti akafukua kwa mikono. Bibi alisimama karibu akimwongoza, wakati yeye ndiye kipofu. Kitambaa chekundu kilikuwa bado juu ya shina, na shina lilikuwa limenenepa mpaka kinalibana. Mama Time alikifungua fundo siku hiyo, akakikunja, akakitia kifuani. Hatukumwuliza alikipeleka wapi.

Haya yote nilimsimulia Saumu pale mkekani, mbele ya leso zilizotandazwa, na wanawake waliokuja kuniliwaza wakasogea kusikiliza. Nilipomaliza nikampa kitambaa.

"Shina ni kubwa sasa, hakitafika," nilimwambia. "Kifunge tawini."

Alikipokea kwa mikono miwili, akatoka kupitia mlango wa jikoni. Hakuuliza ni mti upi.